Naomba ushauri: kwenda Msimbati na kurudi siku hiyo hiyo bila gari

Habari zenu wakuu, hasa wenyeji wa Mtwara. Niko peke yangu, nataka kushinda Msimbati, kile kijiji cha ufukweni, na nirudi mjini kabla ya giza. Kwenda si tatizo. Kinachonitia wasiwasi ni kurudi: gari la mwisho linatoka kule saa ngapi?

Halafu kile kipande cha njia ya kwenda Ruvula, ufukwe ulio mbele ya Msimbati, ni mchanga laini, na pikipiki yenye tairi lililojaa upepo sana inazama. Boda wanakubali kupunguza upepo, au bora nitembee ufukweni maji yakipwa? Wakati wa bamvua (siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana), maji yakijaa njia ya ufukweni hufinyika kabisa, kwa hiyo saa ni muhimu mno.

Kiingilio cha hifadhi ya bahari ya huko kinalipwa wapi? Maji ya kunywa nitabeba lita 3.