Mazoezi mepesi baada ya zamu ya usiku: yafanywe wakati gani, na yepi hasa?

Wodi_Usiku:
Wakuu, habari za kazi. Naandaa mwongozo wa ukurasa mmoja kwa wauguzi na wakunga wa zamu za usiku. Wengi wanafika nyumbani asubuhi wamechoka hoi, wakigusa kitanda tu usingizi unaruka. Taichi (miondoko ya polepole ya Kichina), yoga ya taratibu na mazoezi ya pumzi yanatajwa sana, ila maelekezo yanayotolewa ni ya juujuu. Naomba wanaolijua jambo hili wanisaidie. Zoezi lifanywe mara mtu akitoka zamu au akikaribia kulala? Dakika ngapi zinamtosha mtu aliyesimama saa 12? Lipi mtu anaweza kulishika bila mwalimu? Na ni lini tumwambie aache kujaribu mwenyewe, aende kwa daktari? Naomba hatua zenyewe.

Pumzi_Taratibu:
Kwanza tujue kinachomzuia kulala. Asubuhi ile uchovu wa kukesha unamvuta kitandani, lakini saa ya mwili inamwambia kumekucha: melatonini, homoni ya usingizi, imeshuka; kotisoli, homoni ya kuuamsha mwili, imepanda; na joto la ndani ya mwili, ambalo alfajiri lilikuwa chini kabisa, limeanza kupanda. Juu ya hayo kuna mwamko wa kazi yenyewe, yaani mwili na akili kubaki chonjo: kengele za mashine, mgonjwa aliyebadilika ghafla saa kumi na moja, makabidhiano ya haraka. Mazoezi haya hayairudishi nyuma saa ya mwili. Yanachoweza kushusha ni huo mwamko. Ndiyo maana mazoezi ya kutoa jasho hayafai saa hizo, maana yanapandisha mapigo ya moyo na joto wakati unaotaka vishuke.

Kuhusu muda, hesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kuzima taa, usihesabu kutoka mwisho wa zamu. Aoge, ale kidogo, afunge mapazia, azime simu, kisha afanye zoezi ndani ya nusu saa ya mwisho. Akilifanya mara tu anapofika halafu akae saa nzima kwenye mwanga akijibu ujumbe, faida imepotea. Na kafeini ihesabiwe pia: kwa mtu mzima wa kawaida nusu yake hubaki mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo kahawa ya saa kumi alfajiri bado ina nusu ya nguvu yake saa tatu asubuhi. Hakuna pumzi itakayoishinda.

Dakika 15 zinatosha, zikifanywa kila siku ya kazi. Mpangilio ninaopendekeza ni huu.

Dakika 5 za kwanza, kusimama. Miguu iwe upana wa mabega, magoti yamelegezwa kidogo tu, mabega yameshuka. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4 huku mikono ikipanda mbele hadi usawa wa mabega, viganja vikitazama chini. Toa pumzi ukihesabu 6 huku mikono ikishuka. Kila hesabu ni sekunde moja, kwa hiyo unapata pumzi 6 kwa dakika, yaani mizunguko 30 kwa jumla. Huo ndio mwanzo wa taichi, na kwa mtu aliyechoka unatosha.

Dakika 5 zinazofuata, lala chali sakafuni, makalio karibu na ukuta, miguu imeegemea ukutani. Weka blanketi lililokunjwa chini ya nyonga. Damu na maji yaliyotuama miguuni kwa kusimama muda mrefu hurudi juu, na ule uzito wa miguu hupungua.

Dakika 5 za mwisho ni kitandani: kukaza na kulegeza misuli, njia aliyoianzisha daktari Mmarekani Edmund Jacobson mwanzoni mwa karne ya 20. Anza na nyayo, panda mashavu ya miguu, mapaja, tumbo, mikono, mabega, uishie usoni. Kaza sekunde 5, legeza sekunde 15 hadi 20. Kulegeza kuwe kwa ghafla, kama kuachia mzigo, halafu uisikilize tofauti.

Wanapokosea ni mahali pawili. La kwanza, wanasikia "pumzi ya taratibu" wanavuta pumzi nyingi. Hewa ikizidi, kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu. Mtu anaona kizunguzungu, midomo na vidole vinapata ganzi, anaogopa, na mwamko unarudi. Dawa yake ni kuvuta kidogo zaidi kwa mwendo uleule wa polepole. La pili, wanakaza kwa nguvu zote huku wamenyoosha vidole vya miguu kuelekea chini, shavu la mguu linabanwa na msuli. Wavute vidole kuelekea kwenye ugoko, nusu ya nguvu tu.

Fizio_Viungo:
Naunga mkono, na naongeza upande wa viungo kwa sababu hawa ni watu wanaoinua wagonjwa.

Mtu akitaka kuendelea na taichi kamili, mtindo wa hatua 24 uliotungwa China mwaka 1956 ndio mfupi unaofundishwa sana. Lakini ajifunze siku ya mapumziko. Kukumbuka mfuatano mpya asubuhi baada ya zamu ni kazi ya ubongo, nasi tunataka ubongo upumzike. Kosa linaloumiza ni kugeuza mwili huku uzito wote uko juu ya mguu uliokanyaga: goti ndilo linalosokotwa. Kwanza hamisha uzito, geuza mguu kuanzia kisigino, ndipo kiuno kifuate. Goti lielekee upande wa vidole vya mguu, lisiingie ndani.

Baduanjini, ile chigongi (mazoezi ya Kichina ya pumzi na miondoko) yenye miondoko 8, ni rahisi zaidi kuishika peke yako. Kabla ya kulala chukua mitatu tu: kuinua mikono miwili juu ya kichwa, kusukuma mkono mmoja juu na mwingine chini, na kugeuza kichwa taratibu kutazama nyuma. Ule wa kukunja ngumi na kukodoa macho, pamoja na ule wa kuchuchumaa kama mpanda farasi, uachwe hadi mtu aamke. Na mwenye maumivu ya kiuno asiiname kugusa vidole huku magoti yamenyooka. Mgongo umeinamia vitanda usiku kucha.

Miguu ukutani haimfai mwenye glakoma (presha ya macho), shinikizo la damu lisilodhibitiwa au kiungulia kikali. Hao wakae kitini, miguu kwenye kigoda. Mjamzito wa miezi ya mwisho asilale chali, alale ubavu wa kushoto na mto katikati ya magoti. Na mguu mmoja ukivimba peke yake, ukiwa na maumivu au joto, asiuinue wala kuukanda akidhani ni uchovu: aende kupimwa siku hiyohiyo, huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa.

Dkt_Usingizi:
Nijibu swali la nne. Kukosa usingizi kukitokea angalau mara 3 kwa wiki kwa miezi 3, hilo ni tatizo sugu. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilielekeza mwaka 2016 kwamba tiba ya utambuzi na tabia, yaani kubadili fikra na mazoea yanayozuia usingizi, ndiyo ianze, kabla ya vidonge. Mazoezi haya yanaambatana nayo vizuri, ila hayachukui nafasi yake. Apelekwe mapema zaidi anayekoroma na kukabwa pumzi usingizini, anayesinzia akiendesha gari, mwenye miguu inayomsumbua hadi aitikise (madini ya chuma yapimwe), na yeyote anayekata tamaa ya kuishi. Huyu wa mwisho asisubiri hata siku moja.

Kupima maendeleo, dodoso la ubora wa usingizi la Pittsburgh la mwaka 1989 lina alama 0 hadi 21, na zaidi ya 5 ni usingizi mbaya. Linauliza kuhusu mwezi mzima, kwa hiyo kulirudia kila wiki hakuna maana, na mwenye zamu za kuzunguka hupata taabu kulijibu kwa sababu hana saa moja ya kulala. Daftari la kila siku ni bora: anaandika alizima taa saa ngapi, anakadiria alilala baada ya dakika ngapi, aliamka mara ngapi.

Na tafadhali, mwongozo wako usiwe kisingizio cha ratiba mbovu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 inataka saa 11 za mapumziko mfululizo katika kila saa 24. Anayetoka saa moja jioni na kuitwa tena usiku uleule hakosi taichi, anakosa muda wa kulala. Liandike hilo juu kabisa.

Wodi_Usiku:
Asanteni sana. La mwisho: akimaliza zoezi na bado yuko macho?

Pumzi_Taratibu:
Asirudie zoezi kwa kulazimisha, atakuwa anausubiri usingizi kama anayesubiri matokeo. Akihisi zimepita dakika 20 hivi, bila kutazama saa, atoke kitandani, akae kwenye giza hafifu, apumue ile 4 na 6 bila kuhesabu mizunguko, arudi kope zikiwa nzito.