Santuri ya Duke na Basie: upande wa kulia umefifia, nirudishe dukani?

Tenor_Tanga: Wakuu, heshima zenu. Nimepata toleo jipya la First Time! The Count Meets the Duke, ile ya mwaka 1961 ambayo viongozi wa bendi za jazi Duke Ellington na Count Basie waliingiza bendi zao zote mbili studio moja, New York. Spika ya kushoto inanguruma vizuri, gitaa la Freddie Green wa Basie nalisikia pigo kwa pigo. Kulia sasa! Saksafoni ya Johnny Hodges wa Duke utadhani inapigwa nyumba ya jirani. Muuzaji anasema matoleo mapya ndivyo yalivyo. Nirudishe?

Santuri77: Rudisha ndugu. Siku hizi wanatengeneza santuri ovyo ovyo.

FundiSauti: Tenor, usirudishe kwanza. Hiyo kazi ilirekodiwa Basie akiwa kushoto na Duke kulia, kwa makusudi, ili bendi mbili zisikike zikijibizana. Santuri nyingine upande mmoja ukilegea unaweza usigundue kwa miezi. Hii inakunyima okestra nzima!

Zima amplifaya, kisha badilisha zile plagi mbili zinazotoka kwenye gramafoni: ya kulia ichomeke kushoto, ya kushoto kulia. Udhaifu ukihamia spika ya kushoto, tatizo liko kwenye gramafoni au santuri yenyewe. Ukibaki kulia, kagua amplifaya, waya wa spika na spika. Ukihama, jaribu santuri nyingine ya stereo, yaani yenye sauti tofauti kila upande. Nayo ikififia, angalia nyuma ya kichwa cha sindano. Kwa kawaida kuna waya nne nyembamba: nyeupe na buluu za kushoto, nyekundu na kijani za kulia. Vuta kila kishikizo kwa kibano, taratibu, ushike chuma chenyewe, usivute waya. Futa vijipini vya chuma vilivyo nyuma ya kichwa hicho kwa spiriti, kisha rudisha vishikizo. Nakuomba usiharakishe hapo, waya zile hukatika upesi.

Tenor_Tanga: Udhaifu umehamia kushoto, na santuri nyingine nayo ikafifia vilevile. Kishikizo cha kijani kilikuwa kinacheza. Nimekibana na kurudisha plagi mahali pake. Wimbo wa Battle Royal umeingia, Duke yuko kulia na watu wake wote!

Santuri77: Hongera. Na mwenye spika moja je, anunue toleo la mono, lenye sauti zote zimechanganywa pamoja?

FundiSauti: Anunue, muziki ni uleule na utampendeza. Ila kuna wapiga drams wawili mle, Sonny Payne wa Basie na Sam Woodyard wa Duke, na piano mbili. Zikichanganywa pamoja, kujua nani ni nani kunahitaji sikio lililozoea. Mimi ningekusanya pesa ya spika ya pili na amplifaya ya stereo kabla ya kununua santuri nyingine yoyote. Tenor, weka wimbo wa Segue in C leo usiku. Ni bluzi ya Frank Wess, mwendo wa taratibu, inampa kila mtu nafasi. Sogeza kiti kikae katikati ya spika.