Acheni kuiharibu Tanga yetu mkiandika Kiingereza!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naongea.

Mimi ni dereva taksi, kijiwe changu stendi ya Kange. Ijumaa iliyopita, saa moja jioni, wameshuka kwenye basi la Dar wazee wawili wa Kizungu, mtu na mkewe. Mzee akanionyesha simu: nyumba ya wageni aliyoilipia, picha ya bustani na milima imefunikwa na ukungu, na chini yake kwa Kiingereza "Tanga, Tanzania". Basi, hakuna kingine. Ule ukungu tu ulinishtua, maana hapa kwetu Chumbageni na Raskazone kuna ukungu gani wa hivyo? Nikapiga namba. Aliyepokea ananijibu bila wasiwasi, "Aa, sisi tuko Lushoto, kaka."

Lushoto! Watu walishapita Segera, wakakata kuja huku pwani. Sasa warudi Segera, waende Korogwe, wafike Mombo, halafu waanze kuipanda ile milima kona kwa kona, usiku. Yule mama alikalia begi lake pale chini akawa anajisugua magoti, hasemi kitu. Na mabasi ya kwenda Lushoto moja kwa moja kutoka Dar yapo! Wangeandikiwa "Lushoto, Tanga Region" wangepanda hilo, wakashuka mlangoni.

Msiniambie ni uzembe wa wageni. Kwa Kiswahili sisi hatubabaiki hata kidogo, tunasema jiji la Tanga, tunasema mkoa wa Tanga, kila mtu ameelewa. Lile neno la mbele ndilo linalofanya kazi. Tukishika Kiingereza tunalitema kama kapi la muwa, Handeni inakuwa "Tanga", Kilindi "Tanga", Pangani "Tanga", Lushoto ndiyo hiyo niliyowaambia. Mgeni akisoma "Tanga" peke yake, anachokijua ni mji wenye bandari. Ukitaka kusema mkoa, andika "Tanga Region", na jina la wilaya au mji litangulie. Kuna ugumu gani?

Wenye lugha yao wanachunga sana mambo haya. New York ni jiji na ni jimbo pia, kwa hiyo panapohitajika wanasema jimbo au jiji. Mexico City wameiongezea hilo "City" ili lisichanganywe na nchi. Na City of London si London nzima, ni kieneo cha kama maili moja ya mraba pale katikati. Maneno haya yana kazi, si mapambo.

Halafu hili la "Tanga Town" na "Tanga Municipality". Tumekuwa jiji tangu 2005! Bado naona vibao na barua zenye manispaa, za watu waliosoma, wenye kompyuta mezani. Mwingine anaandika "Raskazone Peninsula", wakati "ras" hapo mbele ndiyo hiyo hiyo rasi. Na Chongoleani, linapoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, naikuta imeandikwa "Chongeleani". Dunia nzima inalitazama bomba lile, jina la kijiji cha watu linakosewa.

Lakini lililonikata maini ni la mdogo wangu. Amezaliwa Makorora, amekulia Makorora. Juzi amepewa barua ya Kiingereza ya kuombea masomo nje, mahali pa kuzaliwa wamemwandikia "Tonga". Tonga ni nchi ya visiwa huko Pasifiki, mji wake mkuu Nuku'alofa! Nikaenda nayo mwenyewe. Yule wa kaunta ananiambia, "Si herufi moja tu, kaka?" Herufi moja hiyo imemtoa mtoto wa watu Makorora ikampeleka baharini asikokujua. Akifika ubalozini na pasi inasema Tanga na barua inasema Tonga, nani atamwamini? Waingereza walipigwa na Wajerumani hapa hapa Novemba 1914, na vita ile mpaka leo wanaiandika kwa jina letu, Tanga, herufi zote tano mahali pake. Sisi wenye mji tunashindwa nini?

Barua imerudishwa mara mbili, mara ya pili wamesahihisha tarehe wakaiacha Tonga ilivyo. Jumatatu narudi tena, na sitoki pale kaunta mpaka niione hiyo A kwa macho yangu. Na wewe mwenye nyumba Lushoto, kama unasoma hapa, fungua tangazo lako usiku huu huu uandike Lushoto. Wale wazee wamelala mjini kwa hela nyingine, na kitanda chako walishakilipia.