Faibroidi ndo kansa?

Muulizaji: Wakuu habari zenu, dada yangu kapigwa ultrasaundi kaambiwa ana faibroidi 3 kwenye kizazi, sasa mama mkwe wake anasema hiyo tayari kansa, ni kweli?

Jibu: Pole mkuu. Sio kila uvimbe ni kansa, faibroidi ni misuli ya kizazi imeota tu, inakua ila haivamii jirani wala haihami, kansa ndo seli zake zinapenya zinaingia kwenye damu unakuja kuzikuta kwenye mapafu au ini huko.

Jibu: Na kugeuka kansa ni nadra mno. Kama hazimsumbui wanaangalia tu, akitoka damu nyingi kuna dawa au opresheni, mie walizitoa kizazi wakakiacha, mwanangu saa hizi yuko chekechea

Muulizaji: Asanteni, ngoja nimpigie huyo mama mkwe 😂