Siku moja ya matembezi kutoka Tanga mjini tukiwa na mama mzee na watoto: Amboni, Tongoni au Amani?

Mama Zuhura, Chumbageni

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mwezi wa sita, shule zikifungwa, mama mkwe wangu atakuja kututembelea kutoka Tabora, na baba watoto amekubali tukodi Noah kwa siku moja ili tumtembeze pamoja na wajukuu zake. Mama anatembea vizuri kwenye tambarare, lakini magoti humsumbua akipanda ngazi au akiinama, na hajawahi kuiona bahari. Mtoto mkubwa yupo darasa la sita na anapenda sana historia, wa kati yupo darasa la tatu, na mdogo ana miaka minne. Nilikusudia tuanze na Mapango ya Amboni asubuhi, twende Tongoni adhuhuri na tumalizie Pangani jioni. Mume wangu anapendekeza Amani kwa ajili ya msitu na ubaridi. Naomba wenye uzoefu mnishauri ni mpango upi utakaomfaa mama bila kuwanyima watoto.

Mwalimu wa Pongwe

Wa alaykum salaam, Mama Zuhura. Mimi hupeleka wanafunzi Amboni, na kwa mtoto wa darasa la sita sijui darasa lililo bora zaidi ya lile. Mapango yapo kilomita nane hivi kaskazini ya mji, ukishika barabara ya Horohoro, na yamechimbwa na maji peke yake, yaliyoyeyusha jiwe la chokaa kidogo kidogo kwa muda mrefu mno. Mwongozaji atawaonyesha chokaa iliyoganda ikining'inia kutoka juu, popo, na mahali ambapo watu hadi leo huenda kufanya matambiko, kwa hiyo waelezeni watoto mapema kwamba vilivyowekwa pale haviguswi. Watasikia pia simulizi kwamba njia za ndani hufika Mombasa na hata Kilimanjaro. Watafiti hawakuthibitisha jambo hilo, lakini simulizi yenyewe ni sehemu ya urithi wetu na inastahili kusikilizwa.

Hata hivyo, kwa mama yako nasema hapana. Ndani ni giza, sakafu haiko sawa, na zipo sehemu ambazo hata mtu mzima mwenye afya hulazimika kuinama sana ili apite. Mkimwacha nje akisubiri, matembezi yatakuwa yenu na siyo yake. Wapelekeni wakubwa wawili Amboni asubuhi ya siku nyingine, mkiwa na tochi na viatu visivyoteleza, kwani ni karibu mno na mjini kiasi kwamba hamhitaji kuipa siku ya gari la kukodi.

Mvuvi wa Kigombe

Namuunga mkono Mwalimu. Tongoni na Pangani zipo kwenye barabara moja ya kusini, na zote mbili ni tambarare, jambo ambalo kwa mwenye magoti mabovu ni muhimu kuliko mengine yote. Ila msifike Tongoni adhuhuri, kwa sababu jua la saa sita pale halina huruma. Fikeni saa tatu asubuhi.

Tongoni ipo kilomita 17 hivi kutoka mjini, na mnaingia kushoto kuelekea baharini. Kuna magofu ya msikiti wa kale ambao kibla chake bado kinaonekana, na makaburi zaidi ya 40, baadhi yake yakiwa na nguzo ambazo nyingi zimeshaanguka. Mwonyesheni mtoto vile vishimo vya mviringo kwenye nguzo na kuta: humo ndimo zilimopachikwa sahani na bakuli za kigeni, na kwa kuzitazama nafasi hizo ataelewa kwamba watu wa pwani hii walifanya biashara na nchi za mbali kabla Mreno hajafika. Mreno naye alifika. Mwaka 1498 merikebu ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama kwenye fungu karibu na hapo, na mwaka 1499, wakirudi kutoka Bara Hindi, waliichoma moto wenyewe kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha merikebu zote. Naomba watoto wasipande juu ya makaburi, kwanza kwa heshima ya waliolala pale, na pili kwa sababu chokaa ile imechoka.

Pangani mtapata Boma, nyumba za kale na mto wenyewe. Mwambieni mtoto wa darasa la tatu kwamba maji yale yanayoingia baharini yametoka Kilimanjaro na Meru. Mkubwa aelezwe habari za Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani kuanzia mwaka 1888 na akanyongwa hapo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Ng'ambo ya mto, Kikogwe, ndiko ulikopandwa mkonge wa kwanza mwaka 1893, na watoto wa Tanga wanaoyaona mashamba ya mkonge kila siku wanapaswa kulijua hilo.

Binti Muheza

Kwa upande wa Amani, mume wako hakukosea kuipenda, ila ni safari inayotaka siku yake kamili. Kutoka Muheza barabara hupanda milima ya Usambara Mashariki kwa kona nyingi, na mvua ikinyesha hugeuka utelezi ambao Noah haitaumudu. Mkipata gari la juu mwezi wa saba au wa nane, nendeni, na watoto waambiwe kwamba Mto Zigi unaotoka kwenye misitu ile ndio unaojaza bwawa la Mabayani, wanakotoa maji watu wa Tanga mjini.

Mama Zuhura, Chumbageni

Nawashukuru sana. Tumekubaliana Tongoni na Pangani. Je, tuchague siku gani ili mama aione bahari vizuri bila kutembea kwenye tope?

Mvuvi wa Kigombe

Chagueni siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hukupwa kwenye saa nne asubuhi, kwa hiyo mkiwa Tongoni mtaona mafungu na mikoko ikiwa wazi, kisha hujaa kwenye saa kumi jioni. Mkila chakula cha mchana Pangani, bahari itamfuata mama alipo, naye atakaa kwenye kiti mchangani na kulowesha miguu bila kuhangaika. Mkichagua siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, na jioni mtakuta maji yako mbali. Watoto wasiogelee mdomoni mwa mto, kwa kuwa mkondo una nguvu hata kwa mtu mzima. Wapelekeni ufukweni kaskazini ya mji, na mtu mmoja abaki kuwaangalia muda wote.