Tupeane uzoefu: mtoto ana aleji ya karanga, shuleni mnafanyaje?

MamaMakorora: Jamani habari zenu. Mwanangu yuko darasa la kwanza hapa Tanga mjini, karanga hazimpatani kabisa. Uji wa shule niliulizia mapema, nikaambiwa ni wa mahindi matupu. Kumbe siku hiyo unga uliisha, wakapikia wa lishe, na ule una karanga ndani. Kikombe hakijafika nusu, midomo imevimba, mwili vipele kama kamwagiwa upupu, anatapika. Wakadhani minyoo. Simu imenikuta sokoni Mgandini, nyanya nimeziacha pale pale. Alichomwa sindano, alhamdulillah yuko salama. Sasa shule inataka wakati wa uji akae ofisini peke yake. Jana kaniuliza, "Mama, nimefanya kosa gani?" Nimekosa jibu.

BabaRaskazone: Pole sana dada. Wangu ni kamba na kaa, samaki anakula vizuri tu. Tulihangaika miezi, kila Ijumaa anarudi amevimba macho. Kumbe mama wa mihogo nje ya geti, Ijumaa anakaanga na kamba, karai lile lile, mafuta yale yale. Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi. Yeye akanisikiliza, akasema, "Ungeniambia zamani, baba." Siku hizi mihogo ina karai lake.

Mzee_Ngamiani: Enzi zetu hakukuwa na aleji, mnawadekeza.

Mwl_Pongwe: Shikamoo mzee. Walikuwepo, tukisema wamerogwa. Dada, ofisini usikubali. Sisi tulikaa na wazazi, wakaridhia tubandike picha ya mtoto na kinachomdhuru kwenye mlango wa stoo, maana mpishi ofisini kwa mkuu haingii. Unga ukibadilika, mwalimu wa zamu anaambiwa kabla moto haujawashwa. Darasa zima linanawa kwa sabuni baada ya kula. Maji matupu hayaondoi karanga vizuri. Niliogopa watamcheka. Wamekuwa askari! Mwenye kashata anafukuzwa mpaka chini ya mwembe, na harudi mpaka anawe.

Nesi_Tanga: Naongeza moja, walimu wengi wanalikosea. Piritoni inapunguza muwasho na vipele, koo likianza kubana haimwokoi mtoto. Akikoroma kifua, sauti ikikauka, akilegea au akitapika mfululizo baada ya kula kinachomdhuru, dawa ni sindano ya adrenalini ya paja, na dakika zina thamani. Kalamu za kujichomea sindano hiyo mwenyewe kwetu ni adimu, kwa hiyo ulizeni mapema, siyo siku ya tukio, kituo gani cha jirani kinayo. Mlazeni, miguu iwe juu. Akishindwa kupumua mkalisheni. Asitembezwe, na bodaboda hapana, tafuteni bajaji au gari. Akipata nafuu msikimbilie nyumbani, dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

MamaMakorora: Ahsanteni. Nimerudi shule na picha, na mpishi tumeongea jikoni kwake. Alichota unga wa lishe kiganjani, akanusa, akasema, "Kweli, karanga hizi." Ofisini hakai tena. Kikombe chake nilikifunga uzi mwekundu, kufika Alhamisi wenzake watatu nao wamefunga uzi mwekundu kwenye vyao. Mpishi kanipigia anacheka, hajui kipi ni kipi. Nimenunua rangi, leo naandika jina.