Naomba ushauri: /boot imejaa, apt imekwama katikati

Wakuu, kwenye Debian 12 (mfumo wa Linux) `sudo apt upgrade`, amri ya kusasisha programu, imekatika ikisakinisha kernel mpya (kiini cha mfumo): "No space left on device". `df -h /boot` inasoma 100%; /boot ndiyo sehemu ya diski yenye faili za kuwashia mfumo. `sudo dpkg --configure -a` (dpkg ndiyo inayosakinisha vifurushi chini ya apt) inarudia kosa lile lile, maana kila jaribio linataka kuandika initrd, faili inayosaidia kernel kuwaka, humo humo. `apt autoremove` nayo inagoma.

`dpkg -l 'linux-image*'` inaonyesha kernel tatu. `uname -r`, inayoonyesha kernel inayotumika sasa, inataja ya pili. Je, ni salama kuondoa ile kongwe kwa `sudo dpkg --purge`, au nihamishe kwanza initrd yake nje ya /boot? Kufuta vmlinuz (faili ya kernel yenyewe) kwa `rm` sitaki kabisa, faili hiyo ni mali ya dpkg. Nafasi ikipatikana, nianze na `--configure -a` au `apt --fix-broken install`?